Nipeleke jina langu kwenye Mamlaka ya Polisi ya Kaunti?

Bi. M. wa Kisauni, Mombasa, ana duka la vyakula na ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani kwake. Wenzake wanamsukuma apeleke jina ili awakilishe wanawake katika Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Anauliza: chombo hicho kina nguvu gani, au mtu huenda tu kukaa na wakubwa? Watu wa mtaa hawatamwona kachero wa polisi? Na akiingia afanye nini, maana yeye si wakili wala hakusomea mambo ya usalama?

Dada yangu, peleka jina. Ila lipeleke ukijua kiti hicho kimewekwa kwa kazi gani, kwa sababu wengi huingia wakidhani wameitwa kuwasaidia polisi kuwajua wahalifu, na hapo ndipo mambo huharibika. Unaitwa kuwasaidia wakazi wajue polisi wao wanafanya nini, na kuwauliza polisi maswali ambayo mkazi akiwa peke yake pale kaunta ya kituo hathubutu kuyauliza. Ukilishika hilo, hofu yako ya kuitwa kachero itapungua kwa kiasi kikubwa.

Chombo hiki kina historia nzito. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki, iliyoundwa kuzichunguza, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Wakenya waliona kwa macho yao kwamba polisi wanaowajibika kwa wakubwa wao peke yao wanaweza kuwageukia raia. Mwaka 2009 jopo la Jaji Philip Ransley likatoa mapendekezo ya kubadilisha polisi, Katiba ya 2010 ikafuata, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ikaweka, katika kifungu cha 41, mamlaka ya polisi kwa kila kaunti. Kiti unachoambiwa ukiombe kimetoka kwenye msiba huo.

Tazama wanaokaa mezani. Mwenyekiti ni gavana au waziri wake wa kaunti atakayemteua. Wakuu wa polisi, upelelezi na ujasusi katika kaunti wamo. Wamo wawakilishi wawili kutoka bunge la kaunti, na yupo mwenyekiti wa kamati ya usalama ya kaunti, ambaye ni kamishna wa kaunti. Kisha kuna raia wasiopungua sita kutoka kwa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalumu, dini na vijana. Wewe utakuwa mmoja wa hao sita. Kaunti nyingi zilichelewa miaka hata kuiunda mamlaka hii, na hata ikiundwa inaweza kulala kama raia wale hawana swali.

Sheria inaipa mamlaka kazi ya kupendekeza vipaumbele na malengo ya polisi katika kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, hasa ule unaowaumiza wanawake na watoto, kuangalia bajeti ya kazi za polisi katika kaunti, kupokea ripoti za kamati za polisi jamii, na kupeleka maoni kuhusu utendakazi wa polisi kwa Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi nchini, na kwa IPOA, ile mamlaka huru ya kuangalia utendakazi wa polisi. Hayo maneno kuhusu wanawake na watoto yamo ndani ya sheria yenyewe. Mtu akikwambia unaleta mambo ya akina mama kikaoni, mwonyeshe kifungu.

Kuna mengi hutaweza. Hutamwamuru OCS, mkuu wa kituo cha polisi, amkamate fulani au amwachilie fulani. Kifungu cha 245 cha Katiba kinamkinga Inspekta Jenerali asielekezwe na waziri kuhusu uchunguzi wa kosa fulani au hatua dhidi ya mtu fulani. Mjumbe wa mamlaka ya kaunti ndiyo kabisa hana nafasi hiyo. Nidhamu ya askari ina tume yake. Na mipango ya operesheni hujadiliwa kwenye kamati ya usalama ya kaunti, milango ikiwa imefungwa. Usiumie kwa hilo, kwa sababu ndiyo kinga yako. Mtu akija dukani akakuambia, “Mama, tuambie polisi wamchukue yule kijana wa nyumba ya bluu,” unamjibu kwa ukweli mtupu kwamba kiti chako hakina kazi hiyo, na kwamba taarifa ya mhalifu aipeleke mwenyewe kituoni au kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai.

Hapa niseme wazi, kwa sababu ndiyo sehemu inayoweza kukuumiza. Usipeleke jina la mtu kwenye kikao hata siku moja, hata ukiwa na uhakika, hata mkuu wa polisi akikuomba kwa upole wakati wa chai. Peleka mahali, saa na namna jambo linavyotokea. Siku utakayotaja jina la kijana mbele ya maafisa wa upelelezi na ujasusi, na kijana huyo akaja akapatwa na lolote, hutaweza kuishi kwa amani mtaani, na hata dhamiri yako haitakupa raha. Sisi watu wa Pwani tunajua ninachosema. Mashirika ya haki za binadamu kama MUHURI na Haki Africa yamekuwa yakikusanya kwa miaka visa vya vijana waliotoweka au kuuawa. Na watu watakuchanganya na Nyumba Kumi, mpango uliosukumwa na serikali mwaka 2013 baada ya shambulizi la Westgate. Huo unawataka majirani wajuane na wapeane habari. Kazi yako ni nyingine, na uwaambie hivyo mapema: msikitini, kanisani, kwenye chama, kwenye baraza la chifu. Sema hadharani kwamba utapokea malalamiko kuhusu huduma, na kwamba hutapokea majina.

Sasa, ufanye nini. Hujasomea usalama, lakini umeshika daftari la madeni la duka kwa miaka, na kazi hii inataka mkono ule ule: tarehe, kiasi, nani ameahidi nini, na kimelipwa au la. Wasomi wengi hushindwa hapa. Huongea vizuri kikaoni na hawarudi kufuatilia.

Tuseme akina mama wa chama chenu wanaporwa simu na pesa wakienda kununua mboga soko la Kongowea alfajiri. Ukienda kikaoni ukasema usalama Kisauni umezorota, mkuu wa polisi atakubaliana nawe, atasema wanajitahidi, na ajenda itasonga. Badala yake keti na wale wenzako jioni moja, chukua karatasi, uwaulize mmoja mmoja. Wapi hasa, kati ya kituo gani cha tuktuk na duka gani? Saa ngapi? Siku zipi? Waporaji walikuja kwa miguu au kwa pikipiki? Uliripoti? Ulipewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo? Kama hukuripoti, kwa nini? Utashangaa jinsi picha inavyojitokeza haraka. Pengine utakuta karibu visa vyote viko kwenye kipande cha barabara kisichozidi mita mia mbili, kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu alfajiri, mahali ambapo taa zimekufa. Ukurasa mmoja unatosha: tatizo, mahali, saa, visa vingapi mnavyovijua, vingapi viliripotiwa, kisha maombi mawili. Kwa polisi: doria ya miguu saa hizo. Kwa kaunti: taa zitengenezwe. Nakala moja kwa mwenyekiti, moja kwa mkuu wa polisi, moja ibaki kwako ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri usiusahau.

Umeona kwamba ombi la pili halikwenda kwa polisi. Wajumbe wengi huwakazia macho maafisa wa polisi na kumsahau mwenyekiti. Polisi ni wa serikali kuu, lakini taa za barabarani, masoko, leseni za pombe na udhibiti wa dawa za kulevya ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Nusu ya majibu unayoyatafuta yako kwenye meza ya gavana, na gavana au mtu wake ndiye anayeongoza kikao chako. Na taa si jambo dogo. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya taa kali kwenye baadhi ya mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakakuta uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku umepungua kwa takriban asilimia 36. Kisauni si New York, na taa peke yake haimwondolei kijana njaa. Lakini ukiwa na hoja ya aina hiyo mkononi, ni vigumu mtu kukuambia taa ni urembo.

Kuna chanzo kingine cha habari ambacho karibu kila kamati hukisahau, nacho ni hospitali. Cardiff, mji mkuu wa Wales, daktari wa upasuaji aitwaye Jonathan Shepherd aligundua kwamba sehemu kubwa ya majeruhi wa vurugu waliokuwa wakija kutibiwa hawakuwemo kabisa kwenye rekodi za polisi. Hospitali ikaanza kumuuliza kila majeruhi pale mapokezi: umeumizwa wapi, saa ngapi, kwa silaha gani. Majina yakaachwa, mahali na saa vikapelekwa kwa polisi na manispaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliolazwa kwa sababu ya vurugu walishuka kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi kwa kila watu 100,000, wakati katika miji iliyolinganishwa nao walipanda kutoka 5 hadi 8. Sasa fikiria Mombasa. Afya imegatuliwa, na hospitali ya Coast General iko chini ya kaunti. Vijana wanaokatwa mapanga Kisauni na Likoni, wengi hawaendi polisi, kwa kuwaogopa waliowakata au kuwaogopa polisi wenyewe. Lakini kidonda kinataka kushonwa, kwa hiyo hospitali huenda. Omba kwamba idara ya afya ya kaunti ilete kila robo mwaka jumla tu ya majeruhi wa vurugu kwa mtaa na kwa saa, bila majina, kwa kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kama ningekuwa na ombi moja tu la kupeleka katika kipindi chote cha ujumbe wako, lingekuwa hili.

Polisi nao wataleta takwimu zao. Zisikilize kwa heshima na uziulize. Uhalifu ukiambiwa umepungua, huenda umepungua kweli, na huenda watu wamechoka kuripoti. Njia ya kujua ni kuuliza ni malalamiko mangapi yaliyoandikwa kwenye OB, mangapi yalichunguzwa, mangapi yalifika mahakamani. Na kukiwa na msako kwenye maskani za vijana, uliza maswali manne kwa utulivu: walikamatwa wangapi, walioshtakiwa ni wangapi, walioachiliwa bila mashtaka ni wangapi, na baada ya muda gani? Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, bila kuzidi saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa. Hapo ni siku ya mahakama inayofuata. Kama kati ya vijana wengi waliobebwa kwenye lori ni wachache tu walioshtakiwa, hapo una habari muhimu kuliko hotuba yoyote. Msako wa namna hiyo hufanya vijana mia wachukie polisi ili wanne wapatikane, na mama zao ndio wanaokuja dukani kwako kukopa nauli ya kwenda kituoni.

Uliza pia kuhusu mafuta ya gari. Ni swali dogo na halina siasa. Wakazi wengi wameshaambiwa kwamba gari la doria lipo lakini halina mafuta, kisha wakachangishana. Sheria imeipa mamlaka yako jukumu la kuangalia bajeti. Basi uliza gari la kituo chenu linapewa lita ngapi kwa mwezi, na zikiisha nini hutokea. Ukinyimwa jibu, ipo Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ofisi ya umma inatakiwa kujibu ombi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu.

Kuhusu wanawake, anza na dawati la jinsia la kituo chenu. Nenda mchana wa kawaida, bila kutangaza ziara, kaa kwenye benchi uone. Kuna afisa? Ni mwanamke? Kuna chumba chenye mlango, au mwanamke aliyepigwa husimulia yaliyomkuta mbele ya foleni ya watu waliopoteza vitambulisho? Fomu za P3, zile za kuthibitisha majeraha, zipo, na zinatolewa bure kama inavyotakiwa? Aliyebakwa huelekezwa hospitali kwanza, ambako hujazwa fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, na kupewa dawa za kinga zinazopaswa kuanza kumezwa ndani ya saa 72, au huambiwa asubiri kuandika taarifa? Hayo uyaone kwa macho yako kabla ya kuyasema. Ukiyasema ukiwa umeyaona, hakuna atakayekupinga.

Vijana wana mwakilishi wao, lakini utakuta vikao vingi vinawajadili wao bila wao kupewa nafasi. Msimamie yule kijana. Mwenyekiti akimruka, sema, “Mheshimiwa, tumsikie mwenzetu.” Na mjadala ukifika kwa mateja, yaani waraibu wa dawa za kulevya, usiuache uishie kwenye kuwakamata. Mombasa kuna tiba ya methadoni. Uliza watu wangapi wanasubiri nafasi, na uliza kama polisi huwakamata wakiwa njiani kwenda kumeza dawa.

Sasa lile gumu zaidi. Itafika siku mama mmoja atakuja na kukuambia mwanawe amechukuliwa usiku na watu waliokuja na gari lisilo na alama, na kituoni wanasema hawamjui. Utataka kumpigia simu mkuu wa polisi kwa sababu mnajuana sasa. Mpigie, hakuna ubaya, lakini usiishie hapo na usimwambie mama asubiri majibu yako. Mpeleke akaandikishe OB saa ile ile, na nambari ibaki mkononi mwake. Mwunganishe na shirika la haki au wakili anayeweza kwenda Mahakama Kuu kuomba polisi waamriwe kumleta mtu huyo. Mpeleke IPOA, ambayo ina kazi ya kuchunguza vifo na majeraha mabaya yanayotokana na polisi. Kisha, kwenye kikao kinachofuata, uliza kuhusu mtindo huo wa kukamata watu kwa magari yasiyo na alama. Kesi ya yule kijana iendeshwe na wakili. Wewe ushike mtindo. Ukijibebesha kesi zenyewe utachoka ndani ya miezi michache, na kuna kesi utaziharibu bila kujua.

Hii si ajira ya mwezi. Kabla ya kukubali, uliza kwa maandishi kuhusu posho na nauli, ukipiga hesabu ya muda utakaofunga duka. Ukipewa posho, itangaze kwenye chama chako, ili asije mtu kusema umenunuliwa. Usipokee bahasha nyingine yoyote, wala mafuta, wala lifti ya gari la polisi mtaani kwako. Ukihitaji kwenda kituoni, panda tuktuk.

Uchaguzi wa Agosti 2027 nao usiusahau. Kadiri siku zinavyosogea, wanasiasa watataka sauti yako, na baadhi ya vijana wanaoitwa magenge leo watakodiwa walinde mikutano kesho. Ikiwa mamlaka itakuwa hai kipindi hicho, kazi yake kubwa ni kuuliza mapema, tuseme mwaka mzima kabla, polisi wamejiandaaje kulinda mikutano ya pande zote bila kutumia risasi. Wewe mwenyewe usipande jukwaa la mtu yeyote. Ukipanda mara moja, kila swali lako baada ya hapo litaitwa la chama.

Mwisho, jiwekee muda. Weka orodha ya kila ombi ulilopeleka, tarehe yake na jibu ulilopata, na kila baada ya miezi mitatu wasomee akina mama wa chama orodha hiyo yote, pamoja na yaliyokataliwa. Ukipita mwaka na maombi yako yote bado hayana jibu, waandikie Inspekta Jenerali na IPOA, ukiambatisha orodha. Ukipita mwaka wa pili hali ikiwa ile ile, jiuzulu kwa barua inayotaja maombi hayo moja baada ya jingine, na nakala yake ubandike mlangoni mwa duka lako.